Nilipe Nione Changu?

Nilikuwa na miaka 26 nilipomlipia babu yangu kiingilio cha baharini. Tulikuwa Shimoni, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, asubuhi ya Jumamosi moja ya Februari, kaskazi inavuma taratibu na maji yametulia. Babu alisimama gatini na kikoi chake na kofia yake, mkono mmoja umeshika mkoba wa ukili, akanitazama nikibonyeza simu. Alipoelewa kwamba pesa zile si nauli ya mashua bali ni za kuingia hifadhi kutazama samaki, akauliza kwa sauti iliyosikika gati nzima:

"Nilipe nione changu?"

Mabaharia waliangua kicheko. Mmoja alirudia maneno yale kama mtu aliyeokota shilingi. Changu samaki, changu mali yangu, na anayeuliza ni mzee aliyevua kwa zaidi ya miaka 40. Mzaha ulikuwa umekamilika, haukuhitaji kuongezwa chumvi.

Mimi pekee sikucheka. Nilijua pesa zile zimetoka wapi.

Sisi ni watu wa Port Reitz, upande wa Changamwe. Ukitaja Port Reitz, wengi hufikiria hospitali, malori na uwanja wa ndege. Wachache hukumbuka kwamba ni jina la maji, ule mkono wa bahari unaoingia nyuma ya kisiwa cha Mombasa mpaka kwenye mikoko. Na jina lenyewe si letu. Reitz alikuwa luteni wa Uingereza aliyeachwa Mombasa mwaka 1824 kuusimamia mji, akafa mwaka huohuo. Hakumaliza hata mwaka mmoja, lakini maji yote yale yakabaki na jina lake. Babu amemaliza miaka 74, na hana hata kichochoro.

Ndege za watalii zinapita juu ya mabati yetu kila siku. Wageni wanashuka, wanapanda magari yenye kiyoyozi na kushika njia ya Diani. Wanatua kwetu, hawaji kwetu. Na sisi tulio vijana wa hapa tuna ugonjwa wetu: tunajisifu kwamba ni watu wa pwani, ilhali bahari tunaipita tu tukiwa kwenye matatu. Mimi nimekulia hatua chache kutoka majini na sikuwa najua kuogelea.

Babu ni Mchangamwe, katika wale wa Thelatha Taifa, na akisema "kwetu" hataji mtaa wala barabara, hutaja maji. Nilipokuwa mdogo aliondoka na dau lake, Subira, kabla ya alfajiri, akarudi na tafi, mkizi, mara nyingine kamba. Karo yangu ya shule ilinuka shombo, nasema hivyo kwa heshima. Halafu bandari ikakua. Mwaka 2016 kituo cha pili cha makontena kikafunguliwa Kipevu. Mwaka 2022 kikaja kituo kipya cha mafuta, kimesimama majini kabisa. Mkondo ukachimbwa ili meli kubwa zipite. Sisemi bandari ni mbaya. Nitasemaje, na mimi ni karani wa mizigo, nala kwa makontena? Lakini meli ndefu kuliko uwanja wa mpira ikikata kona, dau la tanga halina la kusema. Babu akawa anavua karibu zaidi na mikoko kila mwaka, mpaka ikafika akawa kama mtu anayevua ukingoni mwa kitanda.

Ramadhani iliyopita aliteleza akipanda dauni. Hakuumia sana, lakini alikaa kwenye tope saa mbili nzima kabla ya vijana waliokuwa wakitafuta kaa kumwona. Mama alilia siku tatu. Siku ya nne akaacha kulia, akasema: "Lile dau liuzwe."

Mnunuzi akapatikana upande wa Likoni. Tukakubaliana shilingi 45,000, akatuma 15,000 za kushikia kwenye simu yangu. Lililobaki lilikuwa dogo tu: kumwambia mwenyewe. Mama akasema, "Wewe ndiye anayekusikiliza. Mwambie." Nikasema nitamwambia Ijumaa. Ijumaa ikapita. Nikasema Ijumaa nyingine. Kila nikiingia sebuleni kwake namkuta amekaa kwenye kiti chake cha mkeka anashona wavu, nami nauliza habari ya presha yake na kuondoka.

Ndipo nikaona bango la WhatsApp, zile safari za wikendi za vijana: Wasini, siku mbili, lipa mdogo mdogo. Nikapata wazo ambalo wakati ule lilionekana la upendo. Nitampeleka Babu kisiwani, sisi wawili tu. Ataona bahari safi, atakula samaki wa kupaka, jioni moyo wake ukiwa laini nitamwambia habari ya dau. Mwisho wa mwezi ulikuwa mbali, kwa hiyo nikachota kwenye zile 15,000. Nitarudisha, nilijiambia, mwisho wa mwezi. Kila mwizi wa nyumbani ana mwisho wake wa mwezi.

Basi sasa unaelewa. Babu alikuwa anauliza kama alipe aone chake, na alikuwa ameshalipa.

Tulitoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, kwa Probox ya binamu yangu. Zamani safari ya kusini ilianza kwa foleni ya feri ya Likoni. Sasa kuna barabara ya Dongo Kundu, unatoka upande wetu moja kwa moja, madaraja yanakuvusha juu ya matawi ya mkono wetu wa bahari. Tulipofika daraja la Mteza, Babu akasema, "Pole pole." Binamu akapunguza mwendo, huwezi kusimama pale. Babu akaegemeza paji la uso kwenye kioo na kutazama chini, yale maji aliyoyapiga kasia maisha yake yote, mikoko kando, jua ndio linapanda.

"Hapo kwenye kona," akasema, "nilipata taa mkubwa kama mkeka wa wageni." Kisha kimya. Halafu: "Kumbe ni padogo."

Tukapita Ukunda, Msambweni, Ramisi, kisha tukaiacha barabara kuu na kushuka kushoto mpaka bahari ilipotukata. Shimoni ni kijiji cha wavuvi, na sasa kuna bandari mpya ya uvuvi. Babu aliitazama zege ile, akatikisa kichwa. "Bandari imenifuata." Ndipo tukafika kwenye kiingilio, na ule mzaha wake.

Tulianzia Kisite. Mashua iliipita Wasini upande mmoja, tukatoka kwenye maji mapana, visiwa vidogo vya Mpunguti mbele yetu kama vichwa vya watu wanaooga. Nahodha alikuwa kijana wa makamo yangu, na alikuwa na maneno yake aliyozoea kuwaambia wageni, lakini kwa Babu alibadilisha, akaongea naye kama na mtu wa kazi. Alimweleza kwamba Kisite, kilomita za mraba 28, haivuliwi kabisa. Mpunguti, kilomita za mraba 11, ni hifadhi ya aina nyingine, wavuvi wanaruhusiwa kwa njia za jadi, mishipi na malema. Babu akauliza mstari uko wapi. Kijana akaonyesha kwa kidole mahali ambapo mimi niliona maji tu. Babu akaitikia "naam", kama ameuona.

Pomboo walikuja wenyewe, sita au saba, migongo ikipanda na kushuka. Watu wa mashua jirani walipiga mayowe. Mimi nilitoa simu. Babu hakutoa chochote. Aliinua mkono kidogo, kama unavyomsalimia mtu mnayejuana ng'ambo ya barabara.

Kwenye miamba mashua ikafungwa kwenye boya, maana hapa nanga haitupwi ovyo juu ya matumbawe. Maji yalikuwa mangavu mpaka yanatia wasiwasi, kivuli chetu kikionekana sakafuni. Kijana akagawa miwani, mirija ya kupumulia na majaketi ya uokoaji. Nikasema mimi nitabaki juu nilinde vitu.

"Vitu gani?" Babu akauliza. "Mkoba wangu wa ukili?"

"Babu, sijui kuogelea."

Akanitazama kwa muda. Nadhani hakuwa anajua. Huwezi kuamini, mtu ananilea kwa pesa za bahari na hajui kwamba siijui bahari. Akavua kofia, akaikunja vizuri, akaitia mkobani. Akavaa jaketi juu ya fulana yake, akakaza kikoi kama anayekwenda kusukuma chombo, na akashuka ngazi.

"Ndoo," akasema kutoka majini. "Nakushika."

Sitajifanya jasiri. Nilishuka nikiwa nimefumba macho, na kwa dakika za mwanzo nilichojua ni vidole vya Babu vilivyonibana mkono, vigumu kama kamba iliyokauka. Kijana alitushikisha boya la mviringo, sote wawili. Nikatia uso majini. Nikautoa. Nikatia tena.

Sitaweza kueleza rangi. Nitaeleza tu kwamba kulikuwa na shughuli. Chini pale kulikuwa kama Kongowea asubuhi: wadogo wa manjano wanapita makundi makundi, pono anauma jiwe na unasikia kabisa anavyolitafuna, chewa amejibanza kwenye tundu lake kama mwenye duka asiyetaka kukopesha. Kasa mmoja alipita chini yetu bila haraka. Na kulikuwa na changu. Wengi, wameelekea upande mmoja, wanacheza na mkondo.

Nilipogeuka kumtazama Babu, alikuwa bado amezamisha uso. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikaingiwa na hofu, nikamgusa bega. Akainuka, miwani imejaa ukungu, akautoa mrija mdomoni.

"Kumbe ndivyo wanavyokaa," akasema.

Nikaelewa taratibu. Miaka zaidi ya 40, na hakuwahi kuwaona hivi. Maji yetu yana tope la mikoko, na mvuvi hashuki chini kuangalia. Alimjua samaki kwa uzito wake kwenye mshipi, kwa mlio wake dauni, kwa bei yake. Alijua anapenda chambo gani na mwezi gani amenenepa. Hakuwa amewahi kumwona akiwa nyumbani kwake hajui kama anatazamwa.

Akarudi kutazama. Hatukutoka mpaka kijana alipotuita mara ya tatu.

Wasini haina magari. Ukiambiwa hivyo unadhani ni sifa ya vitabu vya utalii, lakini kwa mtu wa Port Reitz ni kitu cha mwilini. Kwetu malori hayalali. Saa nane mchana, baada ya wali na samaki wa kupaka, nilikaa chini ya mti na kugundua kwamba mabega yangu yameshuka. Sikujua kwamba yalikuwa yamepanda.

Kisiwa ni chembamba, urefu wake ni kama kilomita tano. Kijiji cha Wasini kiko upande mmoja, Mkwiro upande mwingine, katikati vichaka na mawe makali ya matumbawe. Wenyeji ni Wavumba, na Kivumba chao ukikisikia haraka unadhani umeelewa, kisha unagundua umeelewa nusu. Maji ya kunywa tangu jadi ni ya mvua, yanakingwa kwenye mabirika, na watu wake huitaja mvua kama sisi tunavyotaja mshahara. Kuna magofu ya nyumba za mawe, na kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa vyombo vya kauri vya Uchina. Nilisimama mbele yake nikafikiria makontena ninayoyaandika kila siku, mengi yanatoka Uchina. Watu walishapokea mzigo wa huko karne nyingi kabla yangu, na walichokipenda zaidi wakampambia maiti wao.

Babu hakuja kaburini. Alishapata baraza. Nilimkuta amekaa na wazee watatu, kikombe cha kahawa mkononi, kama amezaliwa hapo. Mzee mmoja alikuwa akisimulia jinsi walivyoambiwa Kisite hakuvuliwi tena, miaka ya sabini. Alisema kwa miaka mingi hawakusamehe. Waliona wageni wanaletwa kuogelea mahali ambapo baba zao waliweka malema.

"Na sasa?" Babu akauliza.

"Sasa nina mtoto anaendesha mashua ya wageni na mtoto anayevua. Yule anayevua anavua karibu na mstari. Samaki wa ndani hutoka nje, bwana. Hawana lango."

"Na hasira?"

"Hasira ipo. Lakini hasira hailiwi."

Babu akanywa kahawa yake. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile: "Nyinyi mlifungiwa mlango, samaki wakabaki ndani. Sisi mlango tuliachiwa wazi, nyumba ndiyo iliyovunjwa."

Hakuna aliyejibu. Mzee mmoja alimwongezea kahawa.

Usiku tulilala nyumba ya wageni karibu na maji, vyumba viwili, kibaraza kimoja. Mwezi ulikuwa haujatoka na nyota zilikuwa nyingi kupita kiasi. Nikajua wakati umefika. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Mteza: umri wako, presha, machozi ya Mama, lile tope.

"Babu, kuna jambo."

"La dau."

Nilinyamaza.

"Yule mnunuzi alikuja wiki iliyopita kupima mlingoti," akasema. "Ulidhani atapima dau langu bila kunisalimia? Ana adabu yule. Alinishukuru kwa kukubali. Akaniambia ameshakutumia 15,000."

Mawimbi yalikuwa yakipiga mawe chini yetu, madogo madogo. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona. Afadhali angefoka. Nikamwambia yote, hata ambalo hakuuliza: kwamba mashua, kiingilio, chumba, samaki wa kupaka, vyote vimetoka mle. Nikasema nitarudisha mwisho wa mwezi. Hata masikioni mwangu ilisikika vibaya.

"Kumbe nilipouliza asubuhi niliuliza sawasawa," akasema. "Nimelipa nimeona changu."

Alicheka kidogo, peke yake. Mimi nililia.

Baada ya muda akasema: "Nisikilize, mamaangu. Dau nitaliuza. Nilishajua tangu siku ile topeni. Mtu akikaa topeni saa mbili anapata nafasi ya kufikiri. Nilikuwa nangoja mtu aniambie. Si aniuzie, aniambie. Mama yako anaogopa, wewe unaogopa, basi mkaniweka kama mtoto anayepelekwa tohara kwa kupewa peremende. Siku nyingine ukiwa na neno, niambie sebuleni. Sebuleni ni bure."

Kisha akaingia kulala. Nilibaki kibarazani mpaka mwezi ukatoka.

Jumapili asubuhi alikuwa amevaa mapema kuliko mimi. Akataka tuone ile bustani ya matumbawe nyuma ya kijiji. Ni uwanja wa mawe makubwa ya matumbawe ya kale, yaliyoachwa juu bahari ilipojitoa, yana maumbo ya wanyama na watu kama una muda wa kuyatazama. Maji yakijaa sana bahari inarudi kuingia kati yake. Juu yake kuna daraja refu la mbao la kutembelea, linapinda mpaka kwenye mikoko, na linasimamiwa na kikundi cha wanawake wa kijiji. Wao ndio wanaolikarabati, wao ndio wanaotoza, na mapato yanarudi kijijini.

Mama mmoja alitukaribisha, akataja ada. Nikaingiza mkono kwenye mkoba wangu. Babu akanizuia. Akafungua mkoba wake wa ukili, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, akaikunjua na kuilaza mkononi mwa yule mama.

"Hapa nalipa mwenyewe," akasema. "Nalipa nione chao. Hilo halina ubaya."

Alitembea daraja lile pole pole, akigonga mbao kwa fimbo hapa na pale kama fundi. Kwenye mikoko alisimama. Ilikuwa mikoko ileile ya kwetu, mizizi ileile, kaa walewale wekundu wanaokimbilia mashimo, tope lenye harufu ileile. Tofauti ni kwamba hapa mtu amejenga njia ili wageni waje waitazame, na kwetu mtu akisimama kutazama mikoko tunamuuliza amepoteza nini.

Nimeifikiria sana tofauti hiyo. Tunapenda kusema kisiwa cha mbali ni mahali pa kutoroka mji. Tunapiga picha, tunaandika "amani tupu", tunarudi. Mimi sikuona watu waliotoroka chochote. Niliona watu waliobanwa kama sisi, na hifadhi, na ukosefu wa maji, na sasa bandari ng'ambo yao, ila wameshikilia jambo moja ambalo sisi tulilipoteza bila kujua: mgeni akija, kuna mahali ambapo wao ndio wanaosimama mlangoni.

Tukavuka kurudi Shimoni, na kabla ya kuondoka tukapita kwenye lile pango lililokipa kijiji jina. Jamii ya hapo ndiyo inayolitunza na kulionyesha. Ukishuka ngazi joto linabadilika, popo wanakung'uta mbawa gizani, na mwongozaji anakueleza kwamba humu watu walifungiwa wakingoja vyombo vya kuwapeleka Unguja kuuzwa. Babu hakushuka. Alisimama mdomoni mwa pango, viganja wazi, akiomba dua. Nilipopanda nikamuuliza mbona hakuingia. Akasema, "Vingine huhitaji kuviona ili uviamini."

Njiani kurudi alilala. Alizinduka darajani Mteza, kana kwamba kuna mtu aliyemgusa, akatazama chini tena. Safari hii hakusema ni padogo.

Subira liliuzwa wiki ile. Babu alilifanya biashara mwenyewe, akampandisha yule bwana wa Likoni mpaka 50,000, nami niliyejidai mjanja wa kujadiliana nikajifunza kitu. Alibaki na kasia moja, imeegemezwa ukutani sebuleni, nyuma ya televisheni. Mama ameacha kuamka alfajiri kusikiliza mlango.

Hesabu yangu nayo ilipigwa. Nilikuwa nimetumia 9,000. Babu alichukua daftari, akaandika jina langu juu kama mwenye duka, akagawa mara sita: 1,500 kila mwisho wa mwezi. "Lipa mdogo mdogo," akasema, kwa yale maneno ya bango langu. Nami hupeleka mwenyewe, mkononi, si kwa simu, hilo ndilo sharti lake. Ninakaa kwenye mkeka, anahesabu noti ingawa anajua ni ngapi, anaweka alama daftarini, kisha tunakunywa chai. Hapo ndipo nimejua majina ya mahali pote majini kwetu, yale ambayo hayamo kwenye ramani yoyote ya bandari. Nimeanza kuyaandika. Na Jumapili asubuhi, maji yakiwa mazuri, ananisimamia ufukweni akiwa na fimbo yake, ananifundisha kuelea kwa maneno tu.

Nimelipa mara nne. Zimebaki mbili. Mwezi uliopita tulipata bonasi kazini, ningeweza kuzimaliza zote siku moja.

Nikapeleka moja.